Mchana wa Saa Ngapi?

Mwezi uliopita mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Ujiji, Kigoma, akaanza kubanwa kifua siku ya tatu tu. Tukaenda kituo cha afya, tukatoka na bahasha ya kaki yenye vidonge vile vya rangi mbili. Juu yake dada wa dirishani alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 1×3.

"Mama, unameza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Mpaka viishe, hata ukijisikia nafuu."

Mama akaitikia, akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga. Tulipofika mlangoni akageuka. "Mchana wa saa ngapi, mwanangu?"

"Mchana tu, mama. Ukishakula," akajibu yule dada.

Mimi nikajiona ndiye msomi wa familia. Nilipofika nyumbani nikatega kengele kwenye simu: saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa mbili usiku. Kesho yake, saa sita kamili, simu ikalia. Nikampelekea mama maji na kidonge. Alikuwa uani anachambua mchele, akakitazama kile kidonge kama mtu aliyeletewa chai wakati wa kulala.

"Bado," akasema.

"Mama, si mchana huu?"

"Mchana ni huu tangu jua lilipotoka. Adhuhuri ndiyo bado."

Nilirudi ndani na glasi yangu ya maji, na sentensi ile haijanitoka mpaka leo. Watu wengi tunaoandika Kiswahili kwa mshahara tungeisahihisha. Tumefundishwa kwamba adhuhuri ni mchana kwa Kiswahili cha kupendeza, kwamba ukitaka kuandika vizuri unaweka adhuhuri, na ukitaka kueleweka unaweka mchana. Mama, ambaye hajawahi kuandika makala, anayaona maneno haya kuwa mawili yenye kazi mbili. Nimelizungusha jambo hili kichwani wiki tatu, na naona yeye ndiye aliye sahihi.

Tuanze na mchana wenyewe, maana ndio wenye ujanja mwingi. Neno hili lina maana mbili, na zote mbili ziko hai. Maana ya kwanza ni kinyume cha usiku: kipindi chote cha mwanga, tangu kupambazuka hadi jua kuzama. Ndiyo tunayoitumia tukisema mlinzi wa mchana na mlinzi wa usiku. Mtu akiibiwa saa tatu asubuhi husema ameibiwa mchana kweupe, wala hakuna anayemrekebisha kwamba ile ilikuwa asubuhi. Na Ramadhani ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mahali pengine popote. Aliyekunywa chai kwa kujificha saa mbili asubuhi, mtaani husemwa "amekula mchana." Mchana wa Ramadhani unaanzia alfajiri na kuishia magharibi, na chapati ya saa mbili imo ndani yake sawasawa na wali wa saa saba.

Sikiliza pia sarufi ya hiyo "mchana kweupe." Kwa kanuni ya darasani ingekuwa mchana mweupe, kama mti mweupe. Lakini hatusemi hivyo. Tunauweka kwenye upatanisho wa mahali, ule ule wa "kumekucha" na "huku kuna joto." Mchana hapo ni kama uwanja wenye mwanga ambao kitu kimetendeka ndani yake, na kila mtu anaona.

Ndugu wa neno hili wanasimulia hadithi hiyo hiyo. Waganda wana emisana, yaani wakati wa mchana, na wana omusana, yaani jua lenyewe linalowaka, lile la kuanikia nguo. Kwa Wachewa wa Malawi, usana ni mchana kama kinyume cha usiku, na masana ni mchana wa baada ya asubuhi. Watu wa Lamu na Mombasa katika lahaja zao wanasema mtana. Ukiyapanga pamoja unaona kwamba tangu zamani neno hili lilikuwa la mwanga. Saa ilikuja kubandikwa baadaye.

Maana ya pili ndiyo kipande: asubuhi, mchana, jioni. Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu kipande hiki hakina mipaka inayokubalika. Juu ya saa sita, saba na nane hakuna mbishi. Saa tisa ni mchana kwa wengi, ingawa matangazo ya serikali hupenda "saa 9:30 alasiri." Saa kumi imeshakuwa jioni, na anayesema "saa kumi mchana" masikio yanamgeukia. Ila saa tano, hapo kuna vita ya kimyakimya. Karani aliyefungua ofisi saa mbili huiita saa tano asubuhi. Mwenye shamba aliyeshika jembe saa kumi na mbili huiita saa tano mchana, na mgongo wake ni shahidi. Nimesikia watu wawili wakizungumza kwenye simu, mmoja akisema "njoo saa tano asubuhi," mwingine akijibu "haya, saa tano mchana," na wakakutana bila tatizo lolote. Namba ndiyo iliyowakutanisha. Lile neno la nyuma lilikuwa linaeleza tu kila mmoja aliamka lini.

Bila namba, mchana huu wa kipande ni mali ya mafundi. Fundi wa friji aliponiambia "nakuja mchana, kaka," nilikaa nyumbani tangu saa sita. Alitokea saa kumi kasorobo na boksi lake la vifaa, anatabasamu. Nikamuuliza mchana gani huu. Akatazama juu, akatazama jua, akasema, "Si huu?" Sikuwa na hoja. Kwa maana ya kwanza ya neno, alikuwa amewahi.

Halafu kuna kutwa, anayetembea na mchana siku zote. Mchana kutwa, usiku kucha. Kutwa ni kuchwa, jua kuzama. Kucha ni kupambazuka. Kwa hiyo mchana kutwa ni mwanga mpaka jua litue, na usiku kucha ni giza mpaka kukuche. Shule ya kutwa ni ile ambayo jua likishuka mtoto yuko kwao. Sasa rudi kwenye ile bahasha. Ile 1×3 husomwa "kimoja kutwa mara tatu." Kwa maana ya neno lenyewe, mgonjwa amalize vidonge vitatu kabla ya magharibi! Bahati nzuri hakuna anayeitii sarufi kiasi hicho. Lakini inaonyesha jinsi tunavyokabidhi kazi ya vipimo kwa maneno ambayo hayakuumbwa kupima.

Adhuhuri liliumbwa kwa kazi nyingine kabisa. Limetoka kwenye Kiarabu, dhuhr, likiwa na kile kitambulisho cha mbele. Ukiliweka pembeni ya ndugu zake unaona kitu kidogo kinachofurahisha: alfajiri na alasiri zimebaki na "al" yao kamili, lakini adhuhuri imepoteza l. Sababu ni kwamba herufi yake ya mwanzo katika Kiarabu ni miongoni mwa zile ziitwazo herufi za jua, ambazo huimeza l ya mbele. Neno la jua la katikati linaanza na herufi ya jua. Sidai kwamba kuna siri yoyote hapo, lakini kila nikilikumbuka nacheka.

Kilicho muhimu zaidi ni wakati wenyewe. Tumezoea kusema adhuhuri ni jua la utosi. Kifiqhi, yaani kwa sheria za ibada za Kiislamu, sivyo. Jua linapokuwa sawa katikati ya anga, wakati Waarabu wanaouita istiwaa, ni katika nyakati ambazo kuswali kunakatazwa isipokuwa kwa sababu maalumu. Unasubiri. Jua linapopinduka, yaani likishaanza kuegemea magharibi hata kidogo tu, kivuli kilichokuwa kinafupika kikaanza kurefuka, hapo ndipo adhuhuri imeingia. Kwa hiyo neno tunalolitafsiri kuwa katikati ya mchana linatangaza kwamba katikati ya mchana imeshapita. Na haliishi upesi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, adhuhuri inaendelea mpaka kivuli cha kitu kirefuke kwa urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Huku Dar es Salaam ni karibu na saa tisa unusu. Mlango wake wa kuingilia ni mwembamba kama uzi, lakini ukumbi ni mpana.

Ndiyo maana jedwali lililomo katika vitabu vingi vya wanafunzi linaniudhi. Mnalijua: majogoo, macheo, mafungulia ng'ombe, kisha "adhuhuri: saa sita hadi saa nane," "alasiri: saa tisa hadi saa kumi," kila neno limewekwa ndani ya kisanduku chake kama mayai kwenye trei. Mwanafunzi anakariri, anapata alama. Lakini mafungulia ng'ombe hayakuwa na saa. Yalikuwa na ng'ombe. Umande ukikauka, wanafunguliwa. Masika wanachelewa, kiangazi wanawahi. Na adhuhuri haina saa, ina kivuli. Ukiipa saa unakuwa umeiua, umebaki na kisawe cha mchana cha kutumia kwenye insha.

Msomaji atasema: lakini saa sita mchana si ndiyo jua liko utosini? Hili ndilo kosa nililolifanya na kengele yangu.

Saa tunazovaa Tanzania, Kenya na Uganda zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo hauigusi Tanzania hata kwa bahati mbaya. Uko baharini mashariki yetu, na unapanda nchi kavu huko Somalia, jirani na Mogadishu. Kila nyuzi moja unayoenda magharibi ya mstari huo, jua linakuchelewea dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo kwa wastani jua linafika katikati ya anga saa sita na dakika 23. Nairobi ni saa sita na nusu na ushei. Huo ni wastani tu, maana dunia haizunguki jua kwa duara kamili na mhimili wake umelala upande, basi jua huwahi au huchelewa hadi robo saa hivi kulingana na mwezi. Katikati ya Februari, Dar es Salaam inasubiri mpaka saa sita na dakika 37. Mwanzoni mwa Novemba, siku ambazo jua limewahi kuliko zote za mwaka, bado ni saa sita na dakika 6.

Piga hesabu kwa nchi nzima na utaona kwamba hakuna mahali Tanzania, wala siku yoyote katika mwaka, ambapo jua linafika katikati ya anga saa sita kamili. Mtwara, mashariki kabisa, inakaribia: dakika kama tatu tu, hizo siku za Novemba. Ukitaka saa na jua vishikane mikono ukiwa kwenye mwambao wetu, panda mpaka Lamu. Pale, siku za mwanzo za Novemba, jua linapita katikati ya anga takriban saa sita kamili. Siku chache, kisha vinaachana tena.

Sasa shuka mpaka Kigoma, nilikokulia. Hapo tofauti inafika saa nzima. Redio ikitangaza saa sita mchana, kivuli chako bado kimelala kuelekea ziwani, magharibi, kama cha mtu wa asubuhi. Jua linafika katikati saa saba na dakika moja hivi kwa wastani, na Februari ni saa saba na robo. Utotoni sikuliona kuwa jambo la ajabu. Shuleni tulitoka saa sita na nusu, tukakuta nyumbani watu wanapika, mwadhini bado hajaadhini, na mama anasema "mbona mmewahi leo?" kila siku ya Mungu. Nilidhani ni utani wake. Nikihamishia hesabu za leo kule nyuma, naona hakuwa anatania. Kwa jua la Ujiji, tulikuwa tunafika nyumbani asubuhi.

Na ukitaka uthibitisho, ng'ambo ya mpaka kuna Bujumbura. Ni ziwa lile lile na jua lile lile. Miji hii miwili haitofautiani hata dakika mbili kwa jua. Lakini Burundi inatumia saa za nyuzi 30, kwa hiyo jua linapokuwa utosini, wao ni saa sita na sisi ni saa saba. Wafanyabiashara wa dagaa na mawese wanaovuka wanajua kuuliza "saa ya wapi?" kabla ya kukubaliana. Kigali ndiyo waliobahatika kuliko wote, maana mstari wa nyuzi 30 unapita pale pale mjini. Wanyarwanda wakisema saa sita z'amanywa, wakichukua saa sita kutoka kwetu, wanasema ukweli wa jua kuliko sisi tuliowakopesha.

Haya yote hayaifanyi saa sita kuwa mbaya. Naipenda. Kuhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua ni ufundi mkubwa kwa watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua halibadiliki sana kati ya Juni na Desemba: sita ni nusu ya kumi na mbili, na mchana umegawanyika katikati. Ndiyo maana Mswahili anayesoma Biblia anapofika kwenye kisima cha Samaria na kukuta "nayo yapata saa sita," hahitaji maelezo ya pembeni. Anaona jua, anaona kiu, anajua kwa nini mtu ameketi. Mwingereza inabidi abadilishiwe. Neno lao wenyewe la katikati ya mchana, noon, lilianzia kwenye Kilatini cha saa ya tisa, yaani saa tisa yetu hii ya alasiri, likarudi nyuma polepole mpaka likatua kwenye saa sita. Maneno ya wakati yana miguu, kila mahali.

Na kwa kuwa tumeigusa Biblia, niseme pia kwamba adhuhuri si neno la msikitini peke yake. Wafasiri wa toleo la Muungano la mwaka 1952 waliliweka katika Zaburi, mahali panapotajwa jioni, asubuhi na adhuhuri, na tena kwenye ile "uele uharibuo adhuhuri." Hapo limebeba maana ya jua kali la katikati. Ni matumizi halali na yamekomaa. Lugha inaruhusu neno liwe na kazi moja kwa mwadhini na kazi nyingine kwa mwimba zaburi. Ninachokikataa ni kazi ya tatu, ile ya mapambo. Mtangazaji anaposema "saa sita adhuhuri kwa saa za Afrika Mashariki," huku kijiji chake cha Kigoma hakijasikia hata adhana, amechukua neno la kivuli akalibandika kwenye saa ya ukutani, ili tu mchana usijirudie mara mbili katika aya moja. "Saa saba adhuhuri," ambayo husikika sana upande wa Kenya, hiyo siigombei. Saa saba jua limeshapinduka karibu kote Afrika Mashariki, ukitoa upande wa magharibi, kama Ujiji yetu, na miezi yake.

Kwenye kazi inayohitaji dakika, andika namba. Tiketi, kikao, maziko, dozi. Sioni kwa nini dada wa dirishani, ambaye ana foleni ya watu hamsini nyuma ya mama, asiandike "saa 11, saa 7, saa 3" badala ya 1×3. Ni tarakimu zile zile chache. Nje ya hapo, acha mchana ubaki uwanja wenye mwanga, na adhuhuri ibaki na kivuli chake.

Nimesema saa 11, saa 7 na saa 3 kwa sababu. Jioni ya siku ile ya kengele nilikaa na kalamu nihesabu jinsi mama anavyomeza dawa, nipate ushahidi wa kumkaripia kwa adabu. Cha kwanza alimeza baada ya sala ya alfajiri, na chai, kama saa kumi na moja na nusu. Cha pili baada ya adhuhuri, akishaswali na kula, saa saba. Cha tatu baada ya isha na chakula cha usiku, saa tatu. Kati ya kidonge na kidonge: saa saba na nusu, saa nane, saa nane na nusu. Vidonge vile vinatakiwa kila baada ya saa nane.

Kisha nikahesabu kengele zangu. Saa mbili, saa sita, saa mbili: nafasi ya saa nne, ya saa nane, ya saa kumi na mbili.

Nikazifuta zote tatu. Mama alikuwa ukumbini, ananiuliza kama kuna anayejua adhana ya alfajiri ya huku Dar ni saa ngapi, maana jua la huku, anasema, lina haraka.